Safari ya Kupima Macho ya Bwana Lali

Nyinyi wa Mwingi mmenisumbua vya kutosha. Tangu nirudi simu yangu haipumziki: Mutua, ulipotelea wapi, na mwalimu wa hesabu anahusika vipi na macho ya nahodha? Nimechoka kujibu vipande vipande kwa kidole gumba. Nimekaa sasa niwaandikie yote kwa mpigo mmoja, tangu tulipotoka hadi tuliporudi. Habari za tiketi na makaratasi nimeziruka kwa sababu hazina utamu.

Kabla ya kutoka Kizingitini

Bwana Lali ni mwenye nyumba wangu. Mimi ninakaa chumba cha uani, yeye na mkewe Bi Amina wanakaa mbele. Kazi yake ni kuendesha boti ya abiria kati ya hapa Pate, Mokowe na Lamu, na ameifanya tangu mashine za boti zilipokuwa bado jambo la kushangaza watu. Ni mtu wa maneno mengi na shati safi, na hapendi kusahihishwa.

Jioni moja tulikuwa tunarudi kutoka Lamu baada ya Magharibi. Boti nyingine ikatujia usoni na taa kali iliyofungwa mbele. Bwana Lali alipepesa macho, akapinda kidogo, na boti yetu ikapanda fungu la mchanga. Hakuna aliyeumia. Tulikaa pale tukingoja maji yajae, abiria wakitafuna mabuyu na kuilaumu ile taa. Bwana Lali naye aliilaumu taa, kisha akaulaumu mti wa alama uliochomekwa kando ya mkondo, akasema watu wameuhamisha. Mti ulikuwa palepale. Nilikwenda kuutazama nilipopita tena mchana, maana mnajua nilivyo, jambo likiniwasha siwezi kulala.

Sasa, miongoni mwa abiria wa jioni ile alikuwamo binti yake, Mwanakombo, mwenye mimba kubwa. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa kupasuliwa, na madaktari wamesema wa pili pia azaliwe hospitali kubwa ya Lamu. Uchungu wa yule wa kwanza ulimshika usiku, na baba yake ndiye aliyempeleka. Tangu hapo Bwana Lali ameisimulia safari ile kwenye kila harusi, na alikwisha kutangaza kwamba huyu wa pili pia atampeleka yeye, usiku au mchana.

Bi Amina aliposikia habari ya fungu la mchanga hakugomba. Alingoja mumewe amalize kula, akamwambia mbele yangu kwamba mwanawe hapandi boti yake usiku mpaka macho yapimwe na daktari. Bwana Lali alicheka, akasema hata leo yuko tayari. Alikuwa na hakika ya kushinda. Ndipo Bi Amina akanigeukia.

"Mwalimu, wewe si ndugu yake na si ndugu yangu," alisema. "Enda naye. Ukirudi utanambia ulilolisikia, si atakalolisema yeye."

Shule zilikuwa zimefungwa. Sikuwa na kisingizio, na kusema kweli sikukitafuta.

Kizingitini hadi Mokowe

Tulipanda boti ya nahodha mwingine, Famau, kijana aliyefundishwa kazi na Bwana Lali mwenyewe. Bwana Lali hakukaa kitako. Alisimama mbele akimpigia Famau kelele, naye Famau aliitikia kila neno kwa heshima na kufanya alivyotaka mwenyewe.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo litakalokuja kutupa taabu mbele ya safari. Anayesimama mbele ya boti huwa mara anatazama mbele, mara anamgeukia nahodha, kwa hiyo kumwambia mwenzako "kushoto" ni kumtafutia ajali. Bwana Lali hutumia pande za dunia. Kaskazini huita kibula, kwa kuwa ndiko wanakoelekea wakiswali, kusini ni suheli, mashariki ni matlai. Nilimuuliza kama hata nyumbani husema hivyo. Bi Amina, alijibu, humwambia akae upande wa suheli wa sinia kwa sababu mifupa ya samaki hutupwa upande wa pili.

Mkanda, ule mkondo mwembamba unaopita kati ya mikoko, ulikuwa umekauka mno tulipofika. Boti tatu zilikwisha kutia nanga zikingoja maji. Tuliungana nazo. Mama mmoja alifungua kapu la viazi karai, akatugawia bila kutuuliza majina. Nilimuuliza Bwana Lali anaonaje usiku katika njia nyembamba kama hii. Aliniambia taa ni ya wageni: ukiwasha tochi unaona mita chache, na kila kilicho nyuma ya hizo mita kinakufa. Nahodha huzima kila kitu, hata simu za abiria, akayaacha macho yazoee giza.

Hilo lilinishangaza, mimi niliyekulia kando ya barabara ya malori ambako mwenye taa kali ndiye mwenye njia. Nilimuuliza tena, na mwenzio akija na taa? Alitazama mikoko kidogo. Alisema mwenzio akija na taa ni adui wa Mungu.

Mokowe hadi Mombasa

Bi Amina alikuwa ametufungia mikate ya mofa na ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, ndani ya mfuko uliofungwa mafundo matatu. Harufu haijui fundo. Kabla hatujafika Witu kondakta alikuwa ameukagua mfuko mara mbili, na abiria wa mbele alikuwa amejifunika pua kwa kofia. Bwana Lali aliona wanatamani, akawakaribisha. Hakuna aliyekubali isipokuwa jirani yetu, dereva wa lori kutoka Eldoret aitwaye Kiprono, ambaye lori lake liliharibika Mokowe na sasa alikuwa anarudi kama abiria, jambo lililomkera sana. Alikula ng'onda kipande baada ya kipande na kunywa maji ya chupa nzima.

Madereva hawa wawili walipendana papo hapo. Kiprono alitoa mfukoni miwani ya vioo vya njano, akasema hiyo ndiyo siri ya kuendesha usiku, aliuziwa kituo cha mafuta. Bwana Lali aliivaa. Alitazama mashamba ya nje, akanitazama mimi, akairudisha kwa adabu na kusema dunia nzima imeshikwa na homa ya manjano.

Kiprono hakuudhika. Alieleza anavyofanya lori likimjia na taa zote: haitazami taa hata kidogo, hutupa macho ukingoni mwa barabara, upande wake wa kushoto, akaufuata mstari mweupe mpaka mwenzake apite. Bwana Lali alimsikiliza hadi mwisho, akiwa ameinamisha kichwa.

"Na baharini," aliuliza, "huo mstari mweupe umetiwa wapi?"

Kiprono alicheka, kisha akaacha kucheka na kufikiri. Kwenye vizuizi vya askari tulishuka sote na vitambulisho mkononi, tukapanda, tukashuka tena, na kila mara hao wawili waliendelea na mazungumzo palepale walipoyaachia. Nilisikia Kiprono akikiri kwamba siku hizi taa za magari zinamwumiza kuliko zamani, anadhani balbu za sasa zimezidi ukali. Bwana Lali alimwunga mkono kwa nguvu. Walikubaliana kwamba ulimwengu umeharibika na macho yao yako sawa.

Chumba cha daktari wa macho

Kituo chenyewe sikitaji. Ni ghorofani, unapanda ngazi zinazozunguka, unapita ukumbi mrefu, unakata kona, unangoja kwenye benchi, unaitwa, unakata kona nyingine. Daktari alikuwa mama wa Kitaita, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyekwisha kurudia swali moja mara nyingi tangu asubuhi.

Ukutani palikuwa na ubao wenye alama moja tu, mfano wa kitana chenye meno matatu, imechorwa kubwa juu na kuendelea kupungua ukubwa kuja chini, kila moja meno yake yameelekezwa upande wake. Mpimwaji husema meno yanatazama wapi.

"Haya Baba, hii ya kwanza inatazama wapi?"

"Matlai."

Daktari alinitazama. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kuona itaishia wapi.

"Na hii?"

"Tini," akimaanisha chini.

"Na hii?"

"Maghribi. Ile ya pili yake matlai tena, na ile ya mwisho yuu."

Daktari alimwuliza polepole kama anajua yuko wapi na ni siku gani. Bwana Lali aliona ametukanwa, akajibu yuko Mombasa na siku akaitaja pamoja na mwezi wa Kiislamu. Hapo ikanibidi niingilie. Nilimweleza daktari habari za boti, na kwamba kwa huyu mtu kushoto na kulia ni maneno ya hatari. Alisikiliza, akaweka kalamu chini, na nikaona uchovu wote umemtoka usoni. Alitaka kujua kama hata ndani ya nyumba huwa hivyo. Nikamwambia habari ya sinia na mifupa.

Basi akachora kikaratasi, kulia matlai, kushoto magharibi, wakaendelea. Bwana Lali alisoma ubao ule karibu mpaka chini kabisa kwa jicho moja, kisha kwa la pili, akikosea kidogo tu mwishoni. Kila mstari aliomaliza alinitazama mimi shahidi. Nilifurahi kwa ajili yake, nisiwafiche.

Nitawaambia sasa hivi kwamba matlai yake ilikuwa magharibi. Zile kona na ngazi zilimgeuza. Aligundua adhuhuri alipoingia chumba cha kuswalia cha kituo kile na kukuta mkeka umeelekezwa kule alikodhani ni suheli. Alisimama mlangoni, akamwuliza mlinzi mara mbili kama wana hakika. Kwa bahati alikuwa amegeuka sawasawa, kila kitu kinyume chake, kwa hiyo kipimo hakikuharibika. Lakini lilimsumbua kuliko alivyotaka nijue.

Turudi chumbani. Daktari alifunga pazia na kuzima taa, akaacha ubao peke yake ukiwa na mwanga hafifu. Akamwomba asome tena. Alisoma, safari hii mistari michache. Kisha daktari akachukua tochi ndogo, akaiwasha kando ya ubao, ikimwelekea usoni, na kumwuliza lile lile swali.

Bwana Lali alisogeza kichwa huku na huku, akakunja uso, akainua kiganja kukinga mwanga.

"Zima hiyo tochi kwanda," alisema, "mimi ntasoma."

"Baharini, Baba, utamwambia nani azime?"

Daktari alieleza kwa maneno mepesi. Ndani ya jicho kuna kioo, na kioo cha Bwana Lali kimeanza kuingia ukungu, macho yote mawili. Ni mtoto wa jicho. Mchana mwanga umetanda kila mahali, hasumbuki sana. Usiku ikija taa moja kali, mwanga wake hutawanyika kwenye ule ukungu wote, kama jua linavyotawanyika kwenye kioo cha gari kilichokaukiwa chumvi, na kilicho nyuma ya taa hakionekani. Nikauliza habari ya miwani ya njano ya Kiprono. Alisema inapunguza mwanga unaoingia jichoni, na usiku mwanga ndio unaotafutwa, kwa hiyo Bwana Lali amwambie rafiki yake aende apimwe. Dawa ni upasuaji, jicho moja kwanza, baadaye la pili, na watu wengi huona vizuri baada yake. Zamu yake itafika baada ya miezi kadhaa. Mpaka hapo mchana anaweza kuendesha, avae kofia yenye ukingo. Usiku asiendeshe kabisa.

Bwana Lali alimshukuru. Kisha akamwuliza, mwanamke hukaa na mimba kubwa muda gani kabla ya kuzaa, swali ambalo baba wa watoto watano analijua jibu lake. Daktari alisema hiyo si kazi yake, ila mtoto hangoji zamu ya mtu.

Mombasa hadi Mokowe

Katika basi la kurudi hapakuwa na ng'onda wala Kiprono. Bwana Lali alinunua mahamri na mbaazi, akanipa zote. Baada ya Malindi alianza kunihoji kwa mzunguko, kama mtu anayepima kina cha maji.

Nitamwambia Bi Amina kwamba alisoma ubao? Nilisema nitamwambia. Mpaka chini? Karibu mpaka chini, ndiyo. Kwa macho yote mawili? Yote mawili. Akatazama nje.

"Na tochi?" aliuliza.

Nilimpenda sana saa ile, na nilitamani kuwa mahali pengine. Nilimwambia nimetumwa kusema nililolisikia. Hakukasirika. Alisema tu kwamba bahari ya kutoka Kizingitini hadi Lamu haihitaji macho ya daktari, yeye anaijua kama anavyojua mdomo wake uliko akila gizani. Nilibaki nikilifikiria jambo hilo, kwa kuwa huenda lilikuwa kweli. Mtu anaendesha kwa kuona, au kwa kukumbuka? Mimi darasani kwangu huandika ubaoni bila kutazama chaki.

Mkanda wa injini ulikatika karibu na Witu. Tulikaa kando ya barabara tukila matikiti maji ya mama mmoja ambaye kuharibikiwa kwetu kulikuwa heri kwake. Tulipofika Mokowe jua lilikuwa linaingia.

Mkanda, baada ya Isha

Boti iliyobaki ilikuwa ya Famau. Tulikaa ubao wa mbele, mimi na Bwana Lali, bega kwa bega. Mwezi ulikuwa mwembamba. Famau aliwaambia abiria wazime simu, nao wakazima.

Tulipoingia kati ya mikoko Bwana Lali alianza kuninong'oneza. Sasa tunapinda matlai. Tukapinda. Sasa kuna mti wa alama, umelala kidogo. Ukapita kando yetu, umelala kidogo. Sasa maji yanapanuka, sasa ataongeza mashine. Mashine ikanguruma. Hakukosea hata mara moja, na nilihisi furaha yake kwenye bega langu.

"Waona, Mwalimu?" alisema. "Nyumba yangu hii. Ya nini mato?"

Mato kwao ni macho. Nilikuwa nimekwisha kuanza kupanga maneno ya kumtetea kwa Bi Amina.

Kisha nikauona mtumbwi. Ulikuwa mbele yetu katikati ya mkondo, hauna taa, na mtu ndani yake ameinama akivuta wavu. Si mimi tu, abiria wote wa mbele walikwisha kuuona, na mama mmoja alivuta miguu yake kama vile ingesaidia. Famau alipunguza mashine, akapinda, tukapita kwa nafasi nzuri. Halikuwa jambo kubwa, la kila usiku. Mtu wa mtumbwi alitoa salamu.

Bwana Lali alishtuka. Aliitikia salamu ile kwa sauti, lakini aliitikia akitazama mikoko ya upande mwingine.

Tulikwenda kidogo. Mkono wake ukaja juu ya goti langu.

"Alikuwa wapi?"

"Mbele yetu, Bwana Lali."

"Mbee wapi?"

"Mbele kabisa. Njiani."

Hakuninong'oneza tena. Mti uliofuata ulipita bila kutajwa, na mwingine, na mwingine. Huzuni iliyonishika ilikuwa ya mtu aliyefiwa, ingawa marehemu mwenyewe alikuwa hai kando yangu, ana joto, ananukia sabuni ya Mombasa.

Nyumbani

Bi Amina alikuwa ukumbini na Mwanakombo, wamekaa mkekani. Chai ilikuwa tayari. Alitusalimu sote wawili, akauliza habari za njiani, akasikiliza habari ya mkanda wa basi mpaka mwisho. Kisha alinitazama mimi, na nikaweka kikombe chini.

"Mwache Mwalimu anywe chai," alisema Bwana Lali. Alikuwa bado amesimama. "Mwanakombo, ukishikwa usiku utapekwa ni Famau. Nimekwisha kumwambia, pale tulipokuwa twashuka."

Mwanakombo alimtazama baba yake. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, si kwa hili.

"Na wewe, Baba?"

"Mimi ntakaa na wewe. Safari ile ulikuwa walia, na mimi nimekupa mgongo, nimeshika mashine. Ndia nzima sikukuona uso."

Safari ile ameisimulia kwenye harusi ngapi, na sehemu hiyo sikuwahi kuisikia. Bi Amina alimimina chai ya mumewe, akaitia sukari mwenyewe, akamsogezea. Hakuniuliza kitu usiku ule, na mpaka leo hajaniuliza.

Mwanakombo hajajifungua bado. Bwana Lali anaendesha mchana na kofia yake, na alasiri hurudi mapema. Kila usiku hulala na shati la safari. Famau ameniambia kwamba Bwana Lali alikuja kumwuliza ubao gani ndani ya boti yake hautingishiki sana, akaukalia akijaribu huku na huku, kisha akamwomba kwamba usiku wa Mwanakombo asimpe abiria mwingine yeyote nafasi ya pembeni yake.